Richard Doll, daktari aliyeacha sigara kwa hesabu zake mwenyewe

Si wengi hapa Luzira wanaolijua jina la Sir Richard Doll. Mimi nililisikia mara ya kwanza ukimbizini, huko Aru, wakati nchi ile ikiitwa bado Zaire. Mwalimu wetu wa baiolojia alitusimulia habari za daktari huyo Mwingereza, na vidole vyake mwenyewe vilikuwa vya manjano kwa sigara. Tulicheka. Wengi wetu tulikuwa watoto wa wakulima wa tumbaku wa West Nile, nami nilianza kuvuta nikiwa na miaka 17.

Doll alizaliwa Hampton, Uingereza, Oktoba 28, 1912. Baba yake alikuwa daktari, lakini yeye alipenda hisabati. Akasomea udaktari, na wakati wa vita vya pili vya dunia alitumikia jeshi na kushuhudia balaa la Dunkirk mwaka 1940.

Baada ya vita, saratani ya mapafu iliua Waingereza wengi kila mwaka, na sababu haikujulikana. Doll alishuku lami ya barabarani na moshi wa magari. Yeye na Austin Bradford Hill wakawahoji wagonjwa katika hospitali za London. Kati ya wanaume 649 wenye saratani hiyo, wasiovuta walikuwa 2 tu! Doll, mvutaji tangu ujana, aliacha mwaka 1949, hata kabla ripoti haijatoka. Ilitoka Septemba 1950.

Kampuni za sigara zilibisha, na serikali ikajikokota. Mwaka 1951 wawili hao wakawaandikia madaktari wa Uingereza kuwauliza kama wanavuta. Takriban 40,000 walijibu, na Doll akafuatilia vifo vyao kwa miaka 50. Matokeo ya mwisho aliyatoa mwaka 2004, akiwa na miaka 91: mvutaji hufa mapema kwa wastani wa miaka 10. Anayeacha akiwa na miaka 60 huokoa 3, wa 50 huokoa 6, wa 40 huokoa 9.

Hakuwa malaika. Alifariki Julai 24, 2005, na mwaka uliofuata ilifichuka kwamba kwa miaka mingi alilipwa na kampuni ya kemikali ya Monsanto kama mshauri bila kutangaza. Hata hivyo, hesabu zake za sigara wengine wamezirudia nchi nyingi, na jibu ni lile lile.

Kwetu Uganda, sheria ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015 ilianza kutumika Mei 2016. Imepiga marufuku kuuza sigara moja moja, kumuuzia aliye chini ya miaka 21, na kuingiza nchini shisha na sigara za kielektroniki. Ndugu zangu mnaovusha bidhaa mpakani, hilo la mwisho lawahusu.

Lakini njia ya Port Bell pakiti bado hufunguliwa. Mwezi uliopita nilimkuta mwanafunzi wangu dukani akinunua sigara moja. Nilimkemea. Akaniuliza, kwa heshima, mimi nimefuata nini pale. Sikuwa na jibu.

Kesho yake nilichora jedwali la Doll ubaoni. Mimi nina miaka 46. Wanafunzi walinipigia hesabu, wakanipa miaka kama 7. Leo ni siku ya 23 sijavuta, na usiku silali vizuri.