ANDRÉS DE URDANETA: KASISI ALIYEITEGUA BAHARI

Wahenga walilonga kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Katika karne ya 16, hata hivyo, ilikuwako bahari moja iliyoelekea kuikanusha methali hiyo. Merikebu za Uhispania ziliweza kuivuka Bahari ya Pasifiki kutoka Amerika hadi Asia, lakini kila iliyojaribu kurudi ilishindwa. Aliyelitegua kitendawili hicho alikuwa kasisi wa Kikatoliki, Andrés de Urdaneta, ambaye maisha yake ndiyo kiini cha makala haya.

Urdaneta alizaliwa yapata mwaka wa 1508 katika mji wa Ordizia, nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Uhispania. Mnamo Julai 1525, angali kijana, aliabiri kutoka bandari ya La Coruña katika msafara wa merikebu 7 ulioongozwa na García Jofre de Loaísa. Alikuwa chini ya uangalizi wa Juan Sebastián Elcano, baharia aliyekamilisha safari ya kwanza ya kuizunguka dunia mwaka wa 1522 baada ya Magellan kuuawa. Bahari haikuwahurumia. Mwaka wa 1526 Loaísa na Elcano walifariki katika Pasifiki, siku chache zikiwatenganisha. Kati ya merikebu zote 7, ni moja tu iliyofika visiwa vya Maluku, ambavyo leo ni sehemu ya Indonesia.

Maluku ndiko asili ya karafuu, zao ambalo baadaye lilivipa sifa Unguja na Pemba. Kwa ajili ya karafuu hiyo Wahispania na Wareno walipigana kwa miaka mingi. Urdaneta alipigana, akaunguzwa na mlipuko wa baruti, akajifunza lugha ya Kimalei na kuzisoma tabia za pepo na mikondo ya bahari. Mwaka wa 1529 mfalme wake, Charles V, aliyauza madai yake juu ya visiwa hivyo kwa Ureno kwa dukati 350,000, ilhali watu wake wangali wakimwaga damu huko. Urdaneta aliondoka mwaka wa 1535 na kufika Lisbon mwaka uliofuata akiwa na binti yake mdogo aliyezaliwa Maluku. Wareno walimnyang'anya ramani na maandishi yake yote. Alitorokea Uhispania, akaandika upya taarifa yake kwa kutegemea kumbukumbu.

Mwaka wa 1538 alihamia Meksiko na kushika nyadhifa za kiserikali. Kisha akaiacha dunia: mwaka wa 1553 aliweka nadhiri katika shirika la Waagustino, na mwaka wa 1557 akapewa daraja ya upadri. Ikumbukwe kwamba hili ndilo shirika ambalo baadaye lilikuwa na nyumba yake Mombasa, hadi maasi ya Yusuf bin Hasan ya mwaka wa 1631. Ilidhaniwa kwamba mzee huyu alikuwa amekwisha kutia nanga. Lakini mwaka wa 1559 Mfalme Philip II alimwandikia akimtaka aende tena baharini. Ingawa alikuwa amepita miaka 50 na afya yake haikuwa njema, Urdaneta alikubali.

Hapa ndipo dhamiri yake ilipotiwa majaribuni. Urdaneta alishikilia kwamba Ufilipino ilikuwa katika eneo la Ureno kwa mujibu wa mapatano ya mwaka wa 1529, na kwamba haikuwa haki kuitwaa. Alipendekeza msafara uelekee New Guinea. Wakuu wa Meksiko hawakubishana naye. Walimpa kiongozi wa msafara, Miguel López de Legazpi, maagizo yaliyofungwa kwa lakiri, ya kufunguliwa baharini tu. Merikebu 4 ziling'oa nanga tarehe 21 Novemba 1564. Siku chache baadaye lakiri ilivunjwa na ikabainika kwamba safari ni ya Ufilipino. Urdaneta na watawa wenzake walihuzunika, lakini walikuwa wamekwisha kuiacha nchi kavu nyuma yao.

Mwezi wa Juni 1565 alianza safari ya marejeo kutoka Cebu katika merikebu San Pedro. Wenyeji wa pwani yetu wanafahamu kwamba vyombo huja na kaskazi na kurudi na kusi. Katika Pasifiki, Urdaneta alitambua, upepo wa kurudia haungojewi kwa msimu. Hufuatwa mahali uliko. Karibu na ikweta pepo huvuma kutoka mashariki, ilhali mbali kaskazini huvuma kutoka magharibi. Waliomtangulia walishindana na pepo za mashariki. Yeye alipanda kaskazini hadi karibu nyuzi 40, kisha akasukumwa hadi pwani ya California. Tarehe 8 Oktoba walifika Acapulco, baada ya zaidi ya miezi minne. Watu 16 walikuwa wamekufa, na waliosalia walidhoofika kwa maradhi hata wachache mno waliweza kuishusha nanga.

Merikebu nyingine ya msafara huo, San Lucas, iliyotengana na wenzake, ilikuwa imetangulia kufika mwezi wa Agosti. Hata hivyo, ni njia iliyochorwa na Urdaneta ndiyo iliyofuatwa na merikebu za biashara baina ya Manila na Acapulco hadi mwaka wa 1815, zikipeleka fedha na kuleta hariri.

Urdaneta aliomba kurudi Ufilipino kama mmisionari lakini hakuruhusiwa. Alifariki Meksiko tarehe 3 Juni 1568. Kwa jumla, maisha yake yanatuachia funzo chungu. Bila njia ya kurudi, utawala wa Uhispania katika Ufilipino haungeweza kudumu. Kwa njia hiyo ulidumu hadi mwaka wa 1898. Mtu aliyepinga nchi hiyo kutwaliwa ndiye aliyewawezesha walioitwaa kubaki. Mwenye elimu huifungua njia, lakini hana mamlaka juu ya watakaoipita.