Sir George Cayley na Tiara ya Karatasi

Mwaka 1773, katika mji wa Scarborough, kaskazini ya Uingereza, alizaliwa mtoto jina lake George Cayley. Alipokuwa kijana alirithi mashamba makubwa katika kijiji cha Brompton. Lakini utajiri haukumfanya mvivu, kwa maana alipenda sana kuchungua jinsi ndege warukavyo.

Zamani zile watu waliotamani kuruka walijifunga mbawa mikononi, wakazipigapiga kama kunguru, wakaanguka. Cayley alitambua kosa lao. Aliona ya kuwa kuinua ni kazi moja, na kusukuma mbele ni kazi nyingine. Bawa lisilopigwa laweza kuinuliwa na upepo, ikiwa iko nguvu ya kulisukuma. Mwaka 1799 alichora wazo hilo juu ya kisahani cha fedha, nacho kimehifadhiwa London hata leo.

Mwaka 1804 akatwaa tiara ya karatasi, kama zile wanazochezea watoto, akaifunga juu ya fimbo, upande wa mbele umeinuka kidogo. Nyuma akatia mkia uwezao kugeuzwa, na mbele akafunga kitu kizito. Alipoirusha kutoka kilimani, iliteremka polepole bila kupinduka. Na mkia ulipogeuzwa kidogo, ilibadili njia yake.

Mwaka 1809 akaanza kuyatangaza mambo hayo katika gazeti, ili wengine wajifunze. Lakini injini za siku zile zilikuwa nzito mno, hazikufaa kurushwa. Cayley hakukata tamaa. Mwaka 1849 chombo chake kilimwinua mtoto wa miaka kama kumi, kwa mwendo mfupi tu. Mwaka 1853, naye ni mzee wa miaka 79, chombo kikubwa zaidi kilivuka bonde la Brompton kikiwa na mtu ndani. Yasimuliwa kwamba mtu huyo alikuwa mwendesha gari lake la farasi, na ya kuwa alipotua kwa kishindo, mzima lakini amejaa hofu, alikataa kabisa kupanda tena.

Cayley alifariki mwaka 1857, asiione eropleni yenye injini. Miaka 46 baadaye, ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, waliirusha, na Wilbur mwenyewe alikiri kwamba Cayley aliwatangulia katika elimu hiyo.

Hata leo, mtoto akikunja karatasi na kuizidishia uzito upande wa mbele ili isipinduke, afuata kanuni ile ile iliyojaribiwa kilimani Brompton.