Mikhail Tsvet na Rangi Zilizofichika katika Jani

Mwalimu afundishapo kutenganisha michanganyiko, kwa desturi huanza na kuchuja maji ya matope, kisha huvukiza maji ya chumvi. Njia ya kromatografia aghalabu huachwa, kwa kudhaniwa kuwa ni ya wataalamu wenye maabara. Maisha ya mtu aliyeivumbua yatuonyesha kuwa sivyo.

Mikhail Tsvet alizaliwa mwaka 1872 katika mji wa Asti, Italia. Baba yake alikuwa Mrusi. Mama yake, Mwitalia, alifariki mapema baada ya kumzaa. Alilelewa Uswisi, na mwaka 1896 akapata udaktari wa elimu ya mimea katika Chuo Kikuu cha Geneva. Alipohamia Urusi, shahada hiyo haikutambuliwa. Ikambidi aanze upya, akapata shahada ya Kirusi huko Kazan mwaka 1901. Kisha akaenda kufanya kazi Warsaw, mji uliokuwa chini ya Urusi wakati huo.

Huko alitafuta jibu la swali ambalo hata mtoto aweza kuliuliza: je, ukijani wa jani ni rangi moja, au ni nyingi? Alishindilia unga wa kalsiamu kabonati, wa jamii ya chaki, katika neli ya kioo. Akamimina juu yake mmumunyo wa rangi za majani, kisha akaongeza kiyeyushi kitupu. Rangi iliyong'ang'ania unga ilibaki juu. Isiyong'ang'ania ilitangulia chini. Zikatokea pete za kijani na za manjano, kila moja mahali pake. Aliieleza njia hiyo Warsaw mwaka 1903, na mwaka 1906 akaiita kromatografia, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya rangi na kuandika. Jina Tsvet nalo, kwa Kirusi, maana yake ni rangi.

Hata hivyo, wakubwa wa sayansi hawakuikubali. Richard Willstätter wa Ujerumani, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1915 kwa utafiti wa rangi za mimea, aliiona haifai. Mwaka huohuo vita vilimtoa Tsvet Warsaw. Alihamahama, akawa profesa Tartu mwaka 1917, na akafariki Voronezh mwaka 1919, akiwa na umri wa miaka 47. Mwaka 1931 Richard Kuhn na Edgar Lederer, huko Heidelberg, waliifufua njia yake, na leo hutumika katika maabara duniani kote.

Darasani, neli yaweza kuwa ukanda wa karatasi ya kuchujia. Tia nukta ya wino mweusi unaoyeyuka majini, sentimita 2 kutoka ncha ya chini. Ning'iniza ukanda ili ncha iguse maji, lakini nukta ibaki juu ya maji. Maji yapandapo, rangi zilizomo huachana. Jaribu wino mapema, kwani wino mwingine una rangi moja tu. Waache watoto wabashiri kwanza, kisha waangalie.

Na mtoto akileta ukanda usiofanana na ya wenzake, usimwambie kuwa amekosea. Rudia jaribio pamoja naye, kwa wino uleule na karatasi ileile. Tsvet hakuishi kuona kazi yake ikirudiwa hivyo. Mwanafunzi wako hana haja ya kungoja.