Clara Brown, Dobi Aliyemtafuta Binti Yake Miaka 47

Siku ukifika Denver, mwombe baba au mama akupeleke kwenye jengo la bunge la jimbo la Colorado. Humo mna madirisha ya vioo vya rangi yenye sura za watu walioijenga Colorado. Mmoja wao ni mama mzee mweusi. Hakuwa gavana wala jemadari. Alikuwa dobi.

Jina lake ni Clara Brown. Wachimba dhahabu walimwita kwa lile neno la Kiingereza lisilojua kutofautisha shangazi na mama mdogo. Lakini wewe uliyekwisha kusoma majina ya ukoo hapa shuleni, jua na hili: zamani zile Wazungu wengi walimwita hivyo mwanamke mweusi mtu mzima ili wasimwite kwa cheo cha heshima walichowapa wake zao. Kwa hiyo mimi namwita Bi Clara, nawe fanya hivyo.

Alizaliwa utumwani Virginia, karibu na mwaka 1800. Akiwa bado mdogo alihamishiwa Kentucky pamoja na bwana aliyemmiliki. Huko aliolewa, akajaaliwa watoto wanne: Richard, Margaret, na mapacha wawili, Paulina na Eliza Jane. Paulina alifariki kwa kuzama majini akiwa mdogo.

Mwaka 1835 yule bwana alikufa, na mali yake ikapigwa mnada. Ujue kwamba katika hesabu ya mali hiyo walikuwemo Bi Clara, mumewe na watoto. Kila mmoja aliuzwa kwa mnunuzi wake. Eliza Jane alikuwa na miaka kumi hivi. Mama alimwona akichukuliwa, na hakuwa na haki ya kumshika hata mkono.

Bi Clara mwenyewe alinunuliwa na mtu aitwaye George Brown, na ndiko lilikotoka jina lake. Alifanya kazi katika nyumba hiyo miaka ishirini na zaidi. Mwaka 1856 Brown alikufa, naye akapata uhuru. Lakini sheria ya Kentucky ilimtaka mtu aliyeachwa huru aondoke katika jimbo. Kwa hiyo uhuru wake ulianza kwa kufungasha.

Alielekea magharibi, kwanza St. Louis, kisha Kansas, akiulizia kila alikopita kama kuna aliyemwona Eliza Jane. Mwaka 1859 habari zilienea kwamba dhahabu imeonekana Colorado. Watu walimiminika, naye akawaza kwamba penye watu wengi ndipo penye habari. Alipata kazi ya upishi katika msafara wa magari ya maksai, na sehemu kubwa ya njia, kama kilometa 1,100, aliikata kwa miguu. Fanya hesabu ya umri wake. Alikuwa na miaka karibu sitini.

Alikaa Denver kidogo, akisaidia kuanzisha shule ya Jumapili, kisha akapanda milimani hadi Central City, kwenye machimbo. Hapo ndipo akili yake ya biashara ilipoonekana. Wanaume maelfu walikuwa wakichimba matope kutwa, wengi hawana wake karibu, na nguo zao zimeganda uchafu. Yeye akafungua udobi. Kazi hiyo usiidharau. Hakukuwa na bomba wala mashine. Maji yanatekwa, yanachemshwa kwa kuni, shati zito la sufu linasuguliwa kwa mikono hadi vidole vinachubuka, na huko milimani baridi ni kali. Inasimuliwa kwamba alitoza senti 50 kwa shati. Zaidi ya kufua, alipika, aliuguza wagonjwa na kuzalisha kina mama.

Fedha hakuzichezea. Alinunua viwanja na hisa katika machimbo, na kufikia mwisho wa vita vya wenyewe kwa wenyewe inasemekana akiba yake ilikuwa kama dola 10,000. Nyumba yake ikawa mahali pa kila mtu: Wamethodisti walisali humo kabla ya kuwa na kanisa, mgonjwa alilazwa humo, na aliyefika hana kitu alipata chakula na pa kulala.

Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, alirudi Kentucky kuwatafuta watoto. Margaret alikuwa amefariki, na habari za Richard hazikupatikana. Eliza Jane hakuonekana. Mtu mwingine angerudi na majonzi yake tu. Yeye alirudi Colorado na kundi la watu waliotoka utumwani, akiwalipia nauli na kuwasaidia kupata kazi. Na mwaka 1879, watu weusi walipokimbilia Kansas kwa wingi kutoka kusini, alikwenda huko pia kuwasaidia.

Ukarimu huo, pamoja na moto na mafuriko yaliyoharibu baadhi ya mali yake, ulimwacha uzeeni karibu mikono mitupu. Mimi, nasema kweli, hapa huwa nasita. Sijui kama ningegawa hadi kufika hapo.

Ikiwa kwenu yuko ndugu aliyepotea tangu vita, na mama bado anauliza kila anayetoka upande ule, basi mwaka 1882 utauelewa kuliko mimi. Barua ilifika Denver: katika mji wa Council Bluffs, jimbo la Iowa, kuna mwanamke aitwaye Eliza Jane, na habari zake zinafanana. Marafiki walimsaidia Bi Clara kupata nauli, akapanda treni. Miaka 47 ilikuwa imepita tangu ule mnada. Inasimuliwa kwamba siku hiyo njia ilikuwa na matope, na mama na binti walipokumbatiana waliteleza wakaanguka wote wawili, wakabaki wameshikana pale pale chini. Mtoto wa miaka kumi sasa alikuwa mama wa makamo.

Bi Clara alifariki Oktoba 1885, miaka mitatu baadaye. Wakubwa wa jimbo na wa mji walikuja kumzika. Kaburi lake liko Riverside, kaskazini mwa Denver, nalo unaweza kulizuru siku hiyo hiyo ukitoka bungeni.