Michael Faraday na Dhahabu Nyekundu

Wengi wetu tulisoma shuleni habari za Michael Faraday, yule aliyeonyesha mwaka 1831 jinsi sumaku inavyoweza kuzaa umeme katika waya. Leo twapenda kusimulia kazi yake nyingine, isiyotajwa sana.

Alizaliwa Uingereza tarehe 22 Septemba 1791, mtoto wa mhunzi. Elimu ya shule aliipata kidogo tu. Alipotimiza miaka 14 aliwekwa kwa fundi wa kujalidi vitabu mjini London, naye akawa anavisoma vile vile alivyovishona. Mwaka 1813 Humphry Davy alimchukua kuwa msaidizi wake katika Royal Institution, na kazi yake yote aliifanyia huko. Alikuwa mzee katika kanisa dogo la Wasandemani, watu wasiopenda kujikweza. Heshima ya kuitwa “Sir” aliikataa, na uenyekiti wa Royal Society pia.

Mwaka 1856 alikuwa akichunguza dhahabu iliyofuliwa nyembamba kupita karatasi. Umri umekwenda, na kumbukumbu imeanza kumponyoka. Akaona maji aliyooshea dhahabu hiyo yamekuwa mekundu kidogo. Je, dhahabu yaweza kuwa nyekundu? Akatengeneza maji ya namna hiyo kwa makusudi, kwa dawa ya dhahabu na fosforasi, yakawa mekundu kama divai. Hata kwa hadubini hakuna chembe iliyoonekana ndani yake. Mwingine angesema imeyeyuka tu kama sukari ndani ya chai. Faraday alipitisha mwali wa nuru katika chupa, na njia ya mwali ikaonekana kwa ubavuni, kama jua lipenyalo dirishani penye vumbi. Basi chembe zilikuwamo, nazo zilitawanya nuru! Alipotia chumvi, wekundu ukageuka buluu. Haya aliyaeleza mbele ya Royal Society tarehe 5 Februari 1857.

Hesabu yake ilikamilishwa na Mjerumani Gustav Mie mwaka 1908. Chembe hizo ni ndogo hata 10,000 zikipangwa mstari hazifiki milimita moja. Nuru ikizipiga, elektroni zilizo huru ndani yake huyumba pamoja nayo, zikainywa hasa nuru ya kijani, nyekundu hupita. Chumvi huzifanya chembe zishikamane, ndipo zinywapo nuru nyekundu, na buluu ikabaki.

Faraday alifariki tarehe 25 Agosti 1867, akazikwa Highgate. Chupa zake kadhaa zimehifadhiwa Royal Institution, na maji yake bado ni mekundu.