August Vollmer: mgawaji barua aliyebadilisha kazi ya mkuu wa polisi



Kila mtaa hapa Pwani unamjua OCS wake. Akihamishwa, habari hufika barazani kabla hajafunga mizigo, na wazee huanza kuulizana huyo anayekuja ni mtu wa aina gani. Hawaulizi bure. Askari watakuwa wale wale, seli ile ile na sheria ile ile, lakini mwenye kiti akibadilika na kituo hubadilika. Leo nawasimulia maisha ya mkuu wa polisi wa mji mdogo huko Marekani, kwani ndani yake mna jibu la swali la wazee wetu.

August Vollmer alizaliwa mwaka 1876 mjini New Orleans, mtoto wa wahamiaji wa Kijerumani. Shule hakuipata sana. Akiwa kijana alikwenda vitani Ufilipino na jeshi la Marekani, kisha akarudi Berkeley, California, akaajiriwa posta kugawa barua. Kazi hiyo ilimfunza kila uchochoro wa mji na watu wake.

Mwaka 1904 behewa la mizigo lilichomoka likawa linateremka kuelekea treni ya abiria. Vollmer aliliparamia akalifunga breki, watu wakanusurika. Mwaka uliofuata watu wa Berkeley walimpigia kura kuwa marshali, yaani mkuu wa askari wa mji. Mwaka 1909 cheo hicho kikageuzwa kuwa mkuu wa polisi, naye akakishika hadi 1932.

Alikuta askari wachache wasio na mafunzo, na mji wenye nyumba za kamari na kasumba. Aliwavamia wenye nyumba hizo, lakini kazi yake kubwa aliifanya ndani ya kituo chenyewe. Aliwapa askari baiskeli ili wafike haraka wanapoitwa, na baadaye magari. Aliweka taa kwenye njia panda, ikiwaka tu askari wa doria anajua anahitajika. Alianzisha kumbukumbu za kila kosa na namna lilivyotendwa. Mwaka 1908 alifungua shule ya polisi, wakati ambapo sehemu nyingi mtu alipewa kirungu na beji, basi, akaambiwa aende kazini. Yeye ambaye hakusoma aliwatafuta vijana wa chuo kikuu wawe askari, na watu wakamcheka.

Hayo ni ya vifaa na elimu. La kukumbukwa zaidi ni kwamba aliwakataza askari wake kumpiga mshukiwa ili akiri. Zama hizo kumtesa mtu seli lilikuwa jambo la kawaida katika miji mingi ya Marekani, na wakuu wengi walijifanya hawaoni. Vollmer aliona kwamba askari anayepata jibu kwa kofi hatajifunza kamwe kutafuta ushahidi. Alipotakiwa kuandika juu ya polisi katika ripoti ya tume ya taifa iliyotoka mwaka 1931, miongoni mwa mambo aliyoyalaumu ni wanasiasa kuwaingilia wakuu wa polisi na kuwaondoa wapendavyo.

Lingine ni la mwaka 1919. Alimwajiri Walter Gordon, kijana mweusi aliyekuwa akisomea sheria. Baadhi ya askari weupe walinung'unika. Vollmer aliwajulisha kwamba asiyetaka kufanya kazi na Gordon aweke beji yake mezani aende zake. Gordon alibaki, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Visiwa vya Virgin vya Marekani.

Tusimfanye malaika. Mbinu nyingine alizitoa jeshini, alikojifunza kuwasaka Wafilipino waliokuwa wakipigania nchi yao, na wanahistoria wanamlaumu kwa kuwatia polisi tabia ya kijeshi. Na alipoazimwa Los Angeles mwaka 1923 kuisafisha idara kubwa iliyooza, alikaa mwaka mmoja tu akaondoka. Berkeley alikuwa na miaka mingi na wakubwa waliomuunga mkono. Kule hakuwa na hayo.

Alimalizia kazi akiwa profesa wa chuo kikuu. Mwisho wake ulikuwa wa huzuni: maradhi yalimchosha, na Novemba 1955 akajitoa uhai akiwa na miaka 79.

Sasa turudi kwetu. OCS wetu hapigiwi kura, analetwa kutoka juu. Lakini mamlaka aliyonayo ni makubwa. Ndiye mwenye seli, na kitabu cha OB kiko chini yake. Kijana aliyekamatwa usiku, Katiba ya 2010 katika kifungu cha 49 inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na kifungu cha 244 kinawataka polisi waheshimu haki za binadamu na wajenge uhusiano mwema na jamii. Dhamana ya polisi haina malipo. Yote hayo yameandikwa, lakini mama aliyesimama kaunta saa sita za usiku akimtafuta mwanawe hatayaona iwapo mkuu wa kituo hakuwaambia askari wake wazi nini hakiruhusiwi.

Kwa hiyo anapoletwa OCS mpya, tusingoje tumjue kwa ubaya. Wazee, maimamu na vijana waende wamkaribishe, wamuulize mapema: mtu akipigwa katika seli yako utafanya nini? Jibu lake, na atakayoyatenda baada ya jibu, ndiyo yatakayotuambia ni mtu wa aina gani. Naye akitenda haki, tumsimamie asije akang'olewa kwa sababu hiyo.