Mtoro bin Mwinyi Bakari: Mwalimu wa Kiswahili aliyenyimwa kiti

Kiswahili kinachosikika Muhima, jijini Kigali, kilienea nchini Rwanda katika enzi ya utawala wa Wajerumani, pamoja na wafanyabiashara na askari waliotoka pwani. Katika miaka hiyo hiyo, mwana wa pwani alikuwa akikifundisha lugha hiyo katika mji mkuu wa watawala hao. Huyo ni Mtoro bin Mwinyi Bakari.

Mtoro alizaliwa karibu na Bagamoyo mnamo 1869, akapata elimu ya dini ya Kiislamu. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha katika Seminari ya Lugha za Mashariki, ambako maofisa walijifunza Kiswahili kabla ya kutumwa Afrika Mashariki. Hapo ndipo ilipotimia kazi yake kuu, Desturi za Wasuaheli, inayoeleza malezi, ndoa, ngoma, uganga na maziko ya watu wa pwani. Ingawa Mtoro ndiye aliyeandika sehemu kubwa, kitabu kilichapishwa mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten, Mjerumani aliyekusanya maandiko hayo.

Mwaka 1904 Mtoro alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Mwaka uliofuata aliacha kazi kwa sababu ya mgogoro uliohusu heshima yake mbele ya wanafunzi. Alipojaribu kurejea nyumbani na mkewe, wakuu wa koloni hawakuiridhia ndoa hiyo, wakawazuia kushuka. Ikawabidi warudi Ujerumani.

Mwaka 1909, Taasisi ya Kikoloni ya Hamburg ilianzisha kiti cha uprofesa wa lugha za Kiafrika, kinachohesabiwa kuwa miongoni mwa vya kwanza duniani. Alikabidhiwa Carl Meinhof, mchungaji aliyekuwa mtaalamu wa lugha za Kibantu. Mtoro, mwenye lugha na desturi zilizochunguzwa, alikuwa msaidizi tu. Fedha za kuanzisha kiti zilipatikana. Suala la nani astahiliye kukikalia lilikuwa limekwisha kuamuliwa kwa rangi ya mtu.

Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927. Mwaka 1981, zaidi ya nusu karne baadaye, kitabu chake kilitolewa Marekani kwa tafsiri ya Kiingereza. Safari hiyo, jina lililotajwa katika anwani yake lilikuwa la Mtoro bin Mwinyi Bakari.